Nafasi Mia Mbili

Kupima macho bure, Keko, Jumamosi.
Fomu niliifungua Jumatatu usiku;
kabla muadhini hajakohoa
nafasi mia mbili zina majina mia tisa.

Kibwana Shamte mara kumi na moja.
K. Shamte. Shamte Kibwana. Kibwanaa,
kama anayeitwa kutoka ng'ambo ya barabara.
Kumi na moja! Hata pepo hana majina hayo.
Na mwingine, Asdf Asdf,
kazi: Asdf,
jicho linalomsumbua: yote.

Nikakaza kamba:
namba moja ya simu, mtu mmoja, basi.
Orodha ikanywea kama kanga mpya majini,
nikalala fofofo, kama hakimu.

Ijumaa simu ikalia. Mama mtu mzima, hana haraka:
"Fomu yako inanambia nimeshajiandikisha.
Niliyemwandika ni mume wangu.
Mimi, na wifi Chausiku, na bibi wa chumba cha uani,
kisimu chetu ni hiki hiki.
Sasa mwanangu, na macho yetu ni mamoja?"

Nikatafuta daftari.
Mwanahawa. Chausiku. Bibi.
Bibi nani?
"We andika Bibi. Atakuja kashikwa mkono."

Jumamosi, jua limeshapanda,
akaja Kibwana Shamte, mmoja,
kofia mkononi, akipapasa ukingo wa meza.
Nilikuwa nimemwekea maneno tangu Jumatatu.
"Nilibonyeza," akasema, "nikabonyeza tena.
Mjukuu ananiambia huwa panatokea maandishi ya kijani
kwamba umepokelewa.
Mie sikuyaona."