Tupa

Jirani yangu Chitanda alichungulia juu ya makuti,
akaiona mkekani, imepasuliwa tumbo,
akasema: Tupa.
Nikamjibu: hiyohiyo ndiyo naitafuta,
tupa, ile bapa ya kunolea panga,
uliyoiazima kabla ya Ramadhani.

Akacheka. Akaenda kuileta.

Mashine ya kukatia ua.
Sikupewa kwa mapenzi.
Walipofunga nyumba ya Shangani, ile yenye geti la buluu,
meneja alihesabu pesa zake, akahesabu miezi yangu,
mitatu,
hesabu zikakataa kukutana.
Akaingia stoo, akatoka na hii:
"Bwana Dadi, hii ni mali."
Mali haikuwa imewaka tangu masika.
Yeye alijua. Mimi nilijua.
Tukapeana mikono.

Basi leo Jumapili, uani kwangu, Chikongola,
skrubu nne zimelala kwenye mfuniko wa sufuria,
ya tano imezama mchangani
na Bahiya anaitafuta kwa sumaku ya spika mbovu,
anavua misumari, anavua vizibo,
skrubu haimtaki.

Plagi ilikuwa nyeusi kama tako la chungu.
Nikaisugua kwa msasa, nikaupima mwanya wake
kwa vocha ya mia tano iliyokunjwa mara mbili,
vocha niliyoimaliza kumpigia meneja.
Iliita. Iliita tena.

Ndani ya kabureta petroli ya zamani imeganda,
rangi ya asali, harufu ya ugomvi.
Nikamwomba Somoe sindano.
"Ukiivunja, mito utashona mwenyewe."
Nikachokonoa kwa ncha tu, pumzi nimeibana,
kisha nikapuliza kwa mdomo
hadi chai ya jioni ikaninukia kituo cha mafuta.

Mpira wa mafuta ulikuwa umepasuka.
Mwaka juzi Bahiya alilazwa Ligula, malaria,
na siku ya kutoka nilimwomba muuguzi ule mpira wa dripu.
Akauliza, wa nini?
Nikasema, sijui bado.
Leo nimejua.

Mji huu una gesi, wanasema, nyingi tu,
inapanda kutoka chini, inaingia bombani,
inatupita kama mgeni wa watu wengine.
Mimi nimenunua petroli kwa Chitanda,
nusu lita, kwenye chupa ya maji,
nikaitia oili vizibo vinne,
nikaitikisa kama dawa ya mtoto.

Kamba, mara ya kwanza: kimya.
Ya pili: kikohozi cha mtu asiyetaka kuamka.
Ya saba Somoe akaanua nguo zake, bila neno.
Ya kumi bega likanikumbusha umri.
Ya kumi na moja

kuku wote wakahama,
meno yakaenda na kurudi hata yasionekane,
Chitanda akapiga makofi na tupa yangu mkononi,
na mimi nikawa nacheka peke yangu ndani ya moshi
kama mwehu.

Somoe akangoja nizime.
"Sasa," akasema, "utakata nini?"

Nikatazama. Makuti. Bati. Chandarua kuukuu.
Huku kwetu ua hauoti.
Ua wetu unachakaa.

Jumatatu niliibeba begani mpaka Shangani.
Geti la buluu limekula kutu, mlinzi ni mgeni,
na ua umepanda, umelivuka geti, umeinamia barabara,
umetoa maua madogo, zambarau iliyopauka,
nyuki wamejaa.

Miaka saba niliukata ua ule kila wiki ya pili,
kwa uzi, kwa jicho, nyoofu kama safu ya swala.
Sikujua kama una ua hata moja.

"Una kazi hapa?" mlinzi akauliza.
Petroli ilicheza kidogo tumboni mwa mashine.
Nikamwambia
naangalia tu.