Katoni Mia Mbili na Kumi

Mwaka ule tuliosusia soda
nilikuwa mwaka wa pili, kitivo cha Biashara, Al-Khudh,
bwenini chumba cha mwisho, karibu na tangi la maji,
pamoja na Zamzam wa Sur aliyesali kwa sauti
na Shamsa wa Ibri aliyekoroma kwa sauti zaidi.

Dokta Abbashar alitufundisha
kila nchi na iuze inachokiweza.
Mfano wa kitabuni ulikuwa nguo na divai;
yeye akasema nguo na zabibu,
tukacheka, naye akacheka, akafuta ubao.

Usiku, televisheni ya ukumbini:
vifaru katika vichochoro vya Jenin,
mwanamke anapekua kifusi
anatoa kiatu, anakitazama,
anakirudisha palepale.
Hakuna aliyebadilisha stesheni.
Tungefanya nini? Kila mmoja wetu
alikuwa na baisa mia ya soda.
Basi tukaizuia hiyo.

Wasichana tulipita njia ya juu,
wavulana njia ya chini,
chuo kimoja, sakafu yetu ndiyo dari yao.
Siku ya maandamano kelele zilipanda kutoka chini
nasi tukazijibu kutoka juu,
makaratasi yakishuka kama manyoya ya kuku.
Mimi, koo limenikauka, Kiarabu kikanitoroka,
nikapiga ukelele wa nyumbani kwa mama:
"Hatununui!"

Kimya.
Shamsa akanigeukia kama nimevua buibui.
Kisha chini kule, mvulana nisiyemwona,
sauti ya Kiunguja safi, yenye mafua:
"Hatununui!"
Na wa tatu, na wa kumi, na watu wa Nizwa na Rustaqi
wasiojua neno hilo lina maana gani,
wakalitafuna vibaya, wakalipenda,
mpaka askari wa getini, kofia mkononi,
akauliza, "Wanasema nini hawa?"

Alhamisi nikaenda Seeb, dukani kwa Ami Ghalib.
Hakunipa mkono. Alikuwa amekaa juu ya ngazi,
nyuma yake ukuta mwekundu,
katoni juu ya katoni hadi kwenye feni.
"Wewe unasoma biashara," akasema. "Hebu nipigie."
Mia mbili na kumi. Ishirini na nne kila katoni.
Makopo elfu tano na arubaini.
Kwa bei ya kununulia, riali mia nne na ishirini.
Nilijua ada ya vitabu vyangu hutoka mfuko gani.
Nilijua pia tarehe iliyopigwa chini ya kila kopo.

"Ami, ni mimi niliye…"
"Najua ni wewe. Duka la chuo limenirudishia mzigo,
na dereva kanisimulia: kuna binti kapiga kelele kwa Kiswahili.
Wako wangapi?"

Nikangoja matusi. Akashuka ngazi,
goti likimlia, akafungua kopo moja,
akatoka nalo nje kwenye pikapu,
akainua boneti, akamwaga yote
juu ya kutu ya betri.
Povu likachemka, likatambaa, chuma kikang'ara.
"Mkono mtupu haulambwi," alisema,
"lakini sikukulea uulambe kila mkono."
Halafu, kwa hasira ya kweli sasa:
"Mngeniambia mapema, basi! Wiki moja tu!
Ningeagiza maji ya embe."

Leo niko forodhani, bandari ya Sohar.
Makontena yanapita, namba na namba,
nasoma tamko la mzigo, nagonga muhuri.
Ile soda imesharudi, imebadilisha kopo.
Mimi siinywi. Si msimamo tena, nadhani;
ulimi umezoea tu.

Lakini akija wakala mwenye mafua
kuulizia karatasi zake dirishani,
mkono husita juu ya wino.
Namwacha aongee kidogo zaidi.
Namwuliza hata yale niliyokwisha kuyaona
yameandikwa.