Mita Sitini

Shangazi Tupokigwe hakuwahi kuniambia jina la ua lile.
"Hilo," alisema, akielekeza kwa mdomo,
"hilo la pale chini, linaloogopa jua kama maziwa."

Lilikaa ng'ambo ya kijito, Isongole,
chini ya miti ambayo ukungu huifikia kabla ya jogoo.
Shina laini, limejaa maji kama kidole cha mtoto mchanga,
ua dogo la waridi, na nyuma yake kimkia
kilichopinda kama ndoana iliyosahau samaki.
Ukiligusa tunda lililoiva, linapasuka, pa!
mbegu zinakurukia usoni
nawe unacheka peke yako msituni.

Nilikuwa na miaka saba uji uliponimwagikia.
Ninachokumbuka si maumivu. Ni miguu ya shangazi,
pekupeku, ikishuka mteremko, mimi mgongoni,
na neno moja kwa kila hatua: pole, pole, pole,
hadi likawa pumzi tu.

Alipiga goti kabla ya kuchuma. Sijui kama aliomba
au goti lilikuwa linamuuma.
Alivunja shina moja, akaacha mawili,
akaliponda kwa jiwe la kijitoni, akanikamulia
ubaridi ambao hadi leo naweza kukuonesha ulipopita:
kutoka hapa, kiwikoni, hadi hapa.

Hakukaa kujisifu. Alinifunga kwa kitenge,
tukaenda zahanati, mwendo wa saa nzima.
"Ua limetuliza," alimwambia muuguzi, "sasa wewe ponya."
Muuguzi aliunusa mkono wangu.
Akasema mama yake, kule Matamba, alilichemsha na kulinywa
kwa kifua.
"Huko kwenu labda," shangazi akajibu. "Kwetu halinywewi."

Niliwahi kuliiba. Nikaling'oa na udongo wake,
nikalipanda uani karibu na jiko, mahali pazuri,
nikalimwagilia kama mgeni anavyopewa chai.
Kufikia saa sita lilikuwa limelala chali
kama mlevi wa komoni.
Shangazi hakunigombeza. Alileta ungo, akalifunika,
lakini lilikuwa limeshaamua.

Sasa mimi ndiye bwana shamba.
Nina pikipiki ya halmashauri, buti, na utepe wa mita mia.
Bei ya parachichi imepanda, na Mwasyoghe amenoa shoka.
"Kivuli hakiliki," ananiambia, "wala hakipimwi kwa kilo."
Ana watoto wanne, na ada ya wawili haijalipwa.
Hana kosa.

Tunaanzia majini. Mimi nashika sifuri,
yeye anavuta utepe akipanda kilima.
Ishirini. Anasimama.
"Hapa panatosha, au siyo, afisa?"

Na kando ya buti langu, kwenye unyevu,
liko. Lile lile. Halina jina kwenye daftari langu,
halina bei.
Nachuchumaa. Naligusa tunda.
Pa!

"Endelea," namwambia.
Thelathini. Arobaini, anageuka kunitazama.
Hamsini, utepe umekaza, unatetemeka katikati yetu
kwa upepo unaoshuka kutoka Ngozi.
Kuna baridi, lakini nimekunja mkono wa shati
hadi kiwikoni.

"Endelea, Mwasyoghe. Bado kumi."