Themanini kwa Kipimo Gani

Propela iliachia kabla ya daraja la Sabaki,
tani saba za chumvi mgongoni,
ikagonga lami kama mtu aliyekuja kudai.
Nikajifunga leso kiunoni, nikachungulia chini:
bolti mbili za flanji hazipo,
ya tatu inaning'inia,
ya nne peke yake imeshikilia ndoa ya watu wawili.

Nikasema basi, hii nafunga mwenyewe.
Mara tatu tangu Ramadhani nimelipa mtu aniambie "imekaza."
Kroso najua kuitoa. Senta beringi nimebadilisha
nimelalia gunia, mchanga wa Gongoni ukiniingia sikioni.
Nguvu ninazo.
Nilichokosa ni namba.

Charo Mwaringa, gereji ya Maweni, alinionyesha kiwiko:
"Kaza mpaka mkono ukwambie, kisha ongeza kidogo."
Kidogo cha nani, Charo?
Cha asubuhi umeshiba, au cha saa kumi umeghadhibika?

Bashrahil wa spea akasema themanini.
Wallahi themanini, hata umwamshe usiku wa manane.
Ng'ambo ya barabara Kombe wa kuchomelea akaguna:
"Mia na nane. Akwambiaye themanini anakutakia msiba."
Hawapeani salamu hao, tangu lori la kokoto la Ganda
liliposhindwa kupanda na kila mmoja akamtaja mwenzake.

Shemeji naye akaleta namba kutoka Kilifi,
nzuri, imeandikwa kwenye karatasi,
ila ni ya basi.
Na boksi la spea lina Kijapani kitupu;
nililigeuzageuza kama barua ya posa
iliyoandikwa kwa lugha ya ukweni.

Siku ya nne nikaenda stoo ya kiwanda cha chumvi.
Salame Bwanaheri, miwani imefungwa kwa waya,
akatoa kitabu kisicho na jalada, kurasa zimegandana kwa grisi.
Hakukifungua.
Aliniuliza kwanza chasisi. Mwaka. Unene wa bolti.
Kichwani imepigwa muhuri gani?
Siku nne nauliza, na hapo ndipo
mtu aliponiuliza mimi.

Kisha akapitisha ukucha chini ya mstari:
"Themanini kwa ratili za Mwingereza,
mia na nane kwa nyutoni. Kitu kimoja."

Nikakalia ndoo.
Saa mbili yetu, saa nane yao,
na jua ni lilelile, pale pale juu ya minazi.
Watu wazima wawili wamenuniana miaka sita
kwa sababu hakuna aliyemaliza sentensi.

"Usiondoke, kuna maandishi madogo."
Uzi uwe mkavu. Ukipaka mafuta,
namba ileile itamvuta bolti hadi shingo ikatike.
Na aliyekwisha kuvutwa hafai tena, nunua mpya.
Mpya nilikuwa nazo. Nimezipaka oili usiku kucha,
kwa mapenzi, kama nywele za mtoto wa kwenda shule.

Nikazifuta kwa petroli, moja moja.
Nikaazima spana ya toki, nikaacha rehani kitambulisho changu,
nikaingia chini ya lori.
Hii, kisha inayoitazama. Hii, kisha inayoitazama.
Kidogo, halafu zaidi, halafu

tki.

Sauti ndogo hivyo,
ya mtu anayekubali kosa bila kusimama.
Nikaipiga kila nati mstari wa rangi ya kucha,
nyekundu, iliyobaki harusini kwa Nyevu:
ikilegea, mstari utavunjika, nitaona.
Mtwapa nikasimama, nikalala tena chini, suti na yote.
Imenyooka yote minne.

Juzi kijana wa Marafa kaja mbio, mikono myeusi:
"Mama, eti propela ni ngapi?"
"Ya gari gani?" nikamwuliza. "Bolti kavu au ina mafuta?
Na spana yako inahesabu kwa lugha ipi?"
Akanitazama
kama niliyemnyima maji.