Nipe Mji

Ombati huuza kwa kilo.
Kule Kariobangi, nyuma ya mashine ya kusaga plastiki,
alimwaga gunia: bodi za simu za mezani, matumbo ya printa,
na kopo la maziwa ya unga lililojaa chipu
zilizong'olewa kwa jiko la makaa na koleo.
"Hizi sizijui," akasema, "kwa hivyo bei ni ya huruma."
Nikalipa mia na hamsini. Akaniongezea feni mbovu.

Usiku, stima iliporudi,
nikazipanga juu ya gazeti kama mende waliolala chali.
Nyingine zina jina mgongoni: inamisha taa kidogo
na namba inajitokeza kama kovu.
Lakini kumi na mbili zilikuwa zimepigwa msasa,
makusudi, na mtu wa mbali
aliyeogopa nisije nikaijua siri yake.
Weusi mtupu, kitone kimoja pembeni,
miguu kumi na minne.

Kitendawili.
Tega.
Nina miguu kumi na minne na sijawahi kutumwa dukani.

Ya kwanza nikaidhania kikuza sauti. Ikanuna.
Nikaidhania saa. Ikapata joto, ikaniunguza kidole,
ikatoa harufu ile ambayo kila fundi anaijua
na hakuna anayeikiri.
Nipe mji, ikasema.
Nikaipa Thika. Nikaipa Voi.
Nikaipa Nairobi nzima pamoja na kodi ninayodaiwa.
Ilikuwa imeshakufa. Betri niliigeuza mwenyewe.

"Unachezea nini saa saba ya usiku?"
Dada yangu Nyamoita, shuka usoni.
"Sijui," nikamwambia,
na sijawahi kumjibu kwa ukweli zaidi ya huo.

Ya pili nikaiendea kwa adabu.
Chanya mguu wa kumi na nne, hasi mguu wa saba,
kwa kuwa nyingi ndivyo zilivyolelewa.
Kitaa chekundu mguu wa tatu, na rezista ya kukichunga.
Kikapepesa, kikasita, kikapepesa.
Nikasogeza kidole karibu na mguu wa kwanza,
karibu tu,
na kitaa kikatulia.
Nikaondoa kidole. Kikaanza tena.
Ilinihisi kabla sijaigusa!
Nikalisogeza jirani kopo langu la chai, tupu,
nikacheka peke yangu hadi Nyamoita akatupa kiatu.

Ndani yake mna malango manne. Moja limekufa.
Matatu yanatosha.

Sasa, huku Kayole maji huja Alhamisi,
lakini Alhamisi ina saa ishirini na nne
na bomba halina mdomo wa kuahidi.
Nikachuna nyaya mbili, nikazibana kwa kibanio cha nguo
ndani ya koo la bomba la uani.
King'ora cha mashine iliyoungua, transista ya kukisaidia kupaza,
chipu ndani ya kisahani cha sabuni, utepe mweusi juu.

Saa tisa na dakika ishirini
bomba likakohoa upepo, likatema kutu,
kisha likalowa.
Kelele! Mama Wanjeri na mitungi mitatu,
Abdirizak wa namba nane na ndoo, taulo na sandali moja,
mtu wa ghorofani akatukana, kisha akashuka mbio.
Musembi mlinzi alinisogelea na tochi.
"Nani amekwambia yamekuja?"
"Huyu."
"Anaitwaje?"
"Sijui."
"Kazi yake hasa ni nini?"
"Sijui. Hapa kwetu husikiliza bomba."

Pengine kwao ilikuwa ikifunga milango ya lifti
ya watu waliovaa viatu vinavyong'aa.
Pengine ilihesabu chupa kiwandani.
Haijanieleza, nami sijaisumbua.

Nipe mji, ilisema.
Chukua basi: namba tano, uani, karibu na kamba ya nguo.

Koponi zimebaki kumi.
Moja, ukiiwashia, hutoa mlio mwembamba
ambao ni mbwa wa jirani tu anayeusikia.
Hiyo tumeanza kuzungumza,
mimi, yeye na mbwa.