Mia Tatu na Mbili

Kanuni huanza na kofia, huishia na dola,
na dola ya hapa Goma unaijua:
ikichanika ncha, hata kiasi cha ukucha,
mbadilishaji anaitupia jicho, anakurudishia.
Seva nayo ndiyo tabia yake. Mkwaju mmoja ukizidi
inanuna, kurasa zote zinageuka nyeupe,
na Bwana Kasereka anapiga simu sijanywa chai.

Yeye anataka mstari mmoja tu.
Nukta, nyota: vyote vya zamani viende mlangoni.
"Biro imehama, Muhindo, jina limebadilika,
nani bado anatafuta vya kale?"

Nukta na nyota, yaani herufi yoyote, mara zozote.
Naijua njaa hiyo. Haichagui.
Ilishuka kutoka Nyiragongo
ikapita Birere, ikameza avenyu pamoja na namba zake,
nami nina miaka saba na kiatu kimoja.

Tuliporudi jiwe lilikuwa bado linatoa mvuke.
Mama alijaribu kuandika kwa makaa.
Makaa hayaonekani juu ya jiwe jeusi.
Akaazima chokaa kwa fundi:
MASIKA WA MANDAZI YUKO KATINDO. ULIZA KWA MSHONAJI.
Wateja walikuja. Mmoja alisukuma tshukudu mpaka mlangoni
akalipa deni la wiki mbili
ambalo mama mwenyewe alikuwa amelisahau.
Sijaona kanuni iliyoandikwa vizuri kuliko ile:
mahali pa zamani, mahali papya,
na mtu wa kuuliza ukipotea.

Kwa hiyo naandika moja moja, usiku, umeme ukiwepo.
Kliniki ya Majengo, sasa Ndosho:
mia tatu na moja, amehama kabisa, msimfuate huku.
Kalenda ya chanjo: mia tatu na moja.
Nyembamba juu, pana chini,
maana seva husoma kama askari wa kizuizi,
jina la kwanza linalofanana na lako, umeshikwa,
yaliyo chini ya karatasi hayasomi.

Mara moja nilikosea.
Dirisha la tatu likasema nenda la tano,
la tano likasema, si umetoka la tatu? Rudi.
Kivinjari kilizunguka mara ishirini kikakata tamaa.
Baba alizunguka hivyo miezi minane
akitafuta cheti cha kiwanja kilicholala chini ya jiwe.
Yeye hakuna aliyemwekea kikomo cha ishirini.

Imebaki moja.
Watoto, mkwaju, waliopotea, mkwaju, Kahambu wa Turunga.
Ulikuwa ukurasa wa picha. Ulifutwa kabla sijaajiriwa,
wa kumuuliza hayupo, nakala haipo.
Lakini daftari la seva halifichi kitu:
kila usiku, saa tisa na dakika zake,
simu ileile ya bei ndogo inabisha.
Haupo, inajibiwa.
Kesho yake inabisha tena.

Iko mia nne na kumi: umeondolewa, usiulize tena.
Niliiandika. Nikaitazama. Nikaifuta.
Kumpeleka mlangoni, kwenye picha za wakubwa wakikata utepe?
Hapana, Bwana Kasereka. Huo mstari wako utaniwia radhi.

Nimeandika mia tatu na mbili.
Ya muda. Ya kusema: kwa leo pitia hapa,
lakini anwani yako uishike, usiibadilishe.
Na huko inakoelekea nimeweka ukurasa mtupu, maneno machache:
*Picha hii tunaitafuta. Namba ya Muhindo ni hii.
Piga, hata usiku.*

Nimehifadhi. Nimewasha seva upya, haikununa.
Saa tisa na dakika kumi na moja
mstari umetokea kwenye daftari: mia tatu na mbili.
Chini yake, mia mbili. Umefunguka.

Simu yangu iko mezani, chaji nusu.
Nimeondoa vitabu vilivyokuwa juu yake.