Misumari ya Upande wa Magharibi

Upepo ulikuja saa nane usiku kutoka upande wa mbuga,
haukubisha hodi.
Ulishika bati moja ukingoni, ukalitikisa
kama mtu anayejaribu kitasa,
kisha ukafunua.

Mabati saba.
Niliyahesabu asubuhi, miguu ndani ya matope:
mawili kwenye uwele wa Ndahani,
moja limekunjwa juu ya mgunga,
matatu barabarani, na lori la mpunga
limekwisha kupita juu ya moja.
La saba halionekani.

Watu husema Dodoma ni kavu.
Waje Bahi mwezi wa pili,
mbuga imejaa na vyura wamechukua zamu.
Washike shuka langu lililoanikwa tangu Jumanne.
Waifungue Biblia ya mama mkwe, kurasa za Ayubu
zimegandana kwa ukungu wa kijani.
Wanuse unga.

Fundi Lechipya alipanda, akapapasa papi kwa dole gumba.
Nikamwambia, funika leo, mawingu yale hayana utani.
Akachomeka bisibisi kwenye kenchi.
Ikazama kama kwenye muhogo uliochemshwa.
"Mama Sechelela, ukifunika unyevu
umemfungia mchwa mlango kwa ndani.
Hii inatoka. Zile nyingine zipigwe jua siku tatu."

Siku tatu! Na jua lenyewe la kukopa.
Tukalala chini ya turubai la kuanikia alizeti,
sisi watatu na mbuzi mwenye mimba.
Usiku wa pili niliona nyota palipokuwa na dari.
Sikuifurahia. Nyota si bati.

Siku ya nne nilipanda mwenyewe,
maana fundi ana kilo zake
na papi zilizobaki zina umri wao.
Malogo akashika ngazi.

Huko juu ndiko nilikoisoma nyumba yangu.
Upande wa mashariki: misumari ya bati, kofia pana,
mpira chini yake, mmoja kila mgongo wa tatu,
kama mshono wa cherehani.
Upande wa magharibi: misumari ya kawaida,
inchi mbili, imepigwa ikapindwa kichwa,
na chini ya kila kichwa kipande cha kandambili.
Ya bluu. Naijua.

"Ulisema zilibebwa na mbwa."

Malogo akaitazama ngazi kana kwamba ndiyo iliyosema.
"Ulikuwa Mvumi," akajibu, "wodini, mtoto hajageuka.
Nilirudisha kilo mbili za misumari dukani."

Miaka kumi na mmoja
nimelala chini ya hesabu hiyo,
kichwa changu upande wa magharibi.

Nikasema, "Nipe nyundo."

Lami ilichemka kwenye kopo la maziwa.
Matundu ya zamani hayaonekani ukiwa juu;
anayeyaona ni aliye ndani, gizani.
Basi Sechelela alisimama kitandani na bua la uwele
akilichomoza tundu kwa tundu:
"Hapa, mama! Na hapa! Hapa kwenye daftari langu!"
Bua linachungulia, nalifukuza kwa tone la lami,
linachungulia kwingine.
Mtoto aliyekataa kugeuka.

Bati la saba lilikuwa kwa Mama Chiduo,
juu ya banda la nguruwe, limeshapigwa misumari.
"Upepo umeniletea," alisema.
Tukatazamana. Nguruwe alikuwa amelala vizuri sana.
Nikamwambia, tutaongea kiangazi.
Mahali pake tukaweka lile la lori, tumeliponda kwa mchi,
bado lina alama za tairi.

Jioni ikanyesha. Mvua yenye kelele, ya kuzuia maneno,
na hatukuwa na maneno.
Tukasikiliza juu, sote, vinywa wazi kidogo.
Mashariki kimya. Magharibi kimya.
Kisha karibu na mlango:
to.
Tukangoja.
To.
Malogo akanyoosha mguu gizani,
akasukuma sufuria hadi pale.